Matundu Aliyoyaziba Fumo

Ukitaka kumuudhi Fumo wa Chovai, mwambie chombo chake kinavuja. Mcheke upara, mwambie wali wa mkewe una mawe, yote hayo atakusamehe kabla kahawa haijapoa. Lakini ukitaja kuvuja, jiandae. Atakushika mkono akupeleke ufukoni, akulaze mchangani chini ya chombo, akwambie utafute tone. Utalitafuta mpaka shingo ikuume na hutaliona.

Kuunda vyombo aliunda kama mafundi wenzake, si bora sana wala si haba. Ila kwenye kalafati, yaani kule kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyolowa mafuta ya papa, kuanzia kisiwa cha Chovai hadi cha Koyama hakuna aliyemkaribia. Chembeu yake, kile chuma butu cha kusindilia pamba, aliirithi kwa baba yake, na mkewe Arafa alikuwa akisema kwamba nyumba ikishika moto Fumo ataokoa chembeu kwanza, mke baadaye. Fumo hakuwahi kukanusha.

Kisha zikaja boti za faiba, zimetoka kiwandani zinang'aa kama sahani mpya. Haziombi pamba wala mafuta ya papa, wala hazimhitaji Fumo. Vita navyo vikawasukuma watu kutoka visiwani, wengine wakarudi, wengine wasirudi, na Fumo na Arafa wakajikuta Kismayo, katika nyumba ya vyumba viwili, yeye akipigilia miguu ya vitanda kwenye karakana ya seremala mmoja mjini. Mchu, ndivyo tuitavyo mtu kwetu, aliyeunda mashua za kwenda mpaka Lamu, sasa akipigilia miguu ya vitanda. Hakulalamika, lakini alikuwa na namna yake ya kushusha pumzi kila apigapo msumari, na wenzake karakanani walijua hiyo ndiyo lugha yake.

Wana wao wa kiume walikwenda ng'ambo zamani. Aliyebaki ni Rukia, binti wa mwisho, na huyo ndiye aliyejua kumfungua babake kama mtu ajuavyo kufuli ya nyumba yake. Rukia aliolewa na Faris, kijana wa Koyama, mpole, mwenye maneno machache, na wakapata binti, Nadia, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno.

Faris aliuza pikipiki. Zikishushwa bandarini Kismayo yeye huzinunua mbili tatu, akazipeleka Gobweni na vijiji vya kando ya mto Juba, ambako barabara ni mashimo na gari la mizigo halifiki kila siku. Hakuzipakia kwenye lori kama wengine. Alikuwa na trela jeupe lenye chumba ndani, lina madirisha, lina kitanda cha kukunja na kabati dogo, ambalo wageni fulani walikuja nalo na kulitelekeza. Alilikokota kwa pikapu yake ya zamani. Nyuma husimama pikipiki zimefungwa kwa mikanda, mbele hulala yeye na mkewe na mwana, maana biashara yenyewe ilikuwa ya kukaa kijiji kimoja siku kadhaa kisha kuhamia kingine.

Kulala chumba kimoja na pikipiki si jambo la mchezo, na Faris alilijua hilo. Alikuwa na masharti yake. Petroli hukamuliwa kwenye matangi na kutiwa madumu yaliyofungwa nje. Koki ya mafuta hufungwa. Jiko haliwashwi ndani hata mvua ikinyesha namna gani, na mwenye sigara asimame mbali na mlango. Na chini kabisa, pembeni mwa sakafu, alikata matundu manne, kila moja la kupita kiganja, akayawekea wavu panya wasiingie. Mwenzake wa biashara, Msomali mmoja mcheshi aitwaye Abdirahman, alikuwa akimtania mbele za watu kwamba Faris anaiogopa petroli kuliko anavyomwogopa mkwewe. Watu wakicheka, na Faris naye akicheka kidogo.

Masharti hayo Fumo hakuyajua, maana hakuuliza. Yeye na Faris walikuwa na mazungumzo ya mkwe na mkwe: hujambo, mwana hajambo, yeo joto kuliko jana. Sisi Wabajuni wenyewe twajua, mtu na baba wa mkewe hawazoeani. Akikosea humkosoi, akikupa kitu hukikatai, na ukiwa na neno, wampa mkeo alifikishe kwa njia zake.

Basi msimu wa kiangazi ule, Faris akiwa bandarini akingoja mzigo, Rukia alikuja kwa babake amempakata Nadia, na Nadia akikohoa.

"Baba, vumbi laingia trelani. Kila tukienda safari mwana hukohoa, halali yeye, halali mchu."

"Laingilia wapi?"

"Hata siyui. Kila mahali."

Fumo akasimama. Arafa alisema baadaye kwamba tangu wahamie Kismayo hakumwona mumewe akisimama vile, kwa mara moja, bila kushika goti. "Njoo unionyeshe," akasema, na akaenda kulitoa sanduku lake chini ya kitanda.

Alifanya kazi kwenye trela lile kama aliyerudishiwa ujana. Alichemsha mafuta ya papa uani mpaka majirani wakafunga madirisha na kuuliza kwa nguvu kwamba ni nani aliyekufa asizikwe. Alipitisha kidole kila mshono wa bati, kila pembe ya dirisha, akasokota pamba, akaichovya, akaisindilia kwa chembeu, tok tok tok, na huku akiimba zile nyimbo za mafundi ambazo Rukia hakuzisikia tangu utotoni. Rukia alikaa kivulini akimsokotea pamba. Nadia akachafuka mafuta toka utosi hadi nyayo, na hakuna aliyemkataza. Baadaye nilisikia wengi wakisema kwamba Rukia angalifikiri kwanza. Hao hawakuiona ile sura ya babake. Mtoto gani angeiona sura ile akataka kuiharibu?

Akafika sakafuni.

"Na haya ni nini?"

"Ni Faris alotoboa. Hupenda yawe wazi."

"Yawe wazi kwa nini?"

"Asema ni ya harufu ya petroli, ipate kutoka."

Fumo alicheka mpaka akaiweka chembeu chini. "Mwanangu, harufu hutokea juu. Moshi waenda wapi? Juu. Madirisha si hayo hapo? Tundu la chini lina kazi moja tu duniani, nayo ni kuzamisha wachu."

Rukia akasita, pamba mkononi. "Labda tumngoje mwenyewe arudi."

"Nimngoje Faris anifundishe kuziba tundu?"

Alilisema kwa mzaha, lakini chini ya mzaha ule kulikuwa na mtu aliyepigilia miguu ya vitanda miaka kadhaa, na Rukia alimsikia yule. Akacheka pamoja naye. Akampa pamba.

Aliung'oa wavu, akayaziba yote manne, akayapigilia na vipande vya mbao kwa ndani, akapaka mafuta juu. Kisha, kwa kuwa Fumo ni Fumo, akamwaga ndoo ya maji ndani ya trela, mbele ya binti yake, akajiingiza chini, akalala chali akitafuta tone. Hakuna. Miguu yake ikawa nje, mwili umejificha, na kicheko chake kikisikika kutoka kule chini. Jioni yake alimhadithia Arafa habari za trela lile mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

Faris alirudi na pikipiki zake. Fumo alikuwapo, hakuweza kukosa. Faris akalizunguka trela, akaingia, akasimama kule pembeni mwa sakafu muda mrefu kidogo, ameinamisha kichwa. Rukia alikuwa mlangoni akimtazama mumewe.

"Vipi, mkwe?" Fumo akauliza.

"Kazi safi, baba. Mungu akulipe."

Asubuhi ya safari Fumo alikuja kuwaaga. Akasimama uani tangu pikipiki ya kwanza inapandishwa mpaka pikapu inawashwa, akiligonga trela ubavuni kwa kiganja, akiwaonyesha wapita njia. Akawasomea dua, akambusu Nadia, akamwambia Rukia asisahau kufunga mlango vizuri ili aone kwamba vumbi halitaingia hata chembe. Rukia akasema, "Sitasahau, baba." Wakaondoka.

Adhuhuri ilikuwa bado. Abdirahman alipiga simu kutoka Gobweni, na Fumo aliposikia sauti yake alijua, kwa sababu Abdirahman hakutania. Walikuwa wamefika. Faris alikuwa na mnunuzi kwenye mgahawa wa kahawa, amempakata Nadia. Rukia kichwa kilikuwa kinamuuma kwa jua la njiani, akaenda kujilaza trelani. Kitandani kulikuwa na matairi, akatandika mkeka sakafuni. Upepo wa vumbi ulikuwa unavuma, akafunga madirisha, akafunga na mlango. Faris aliporudi alimkuta amelala kiubavu, mkono chini ya shavu, kama alalavyo siku zote. Hakuwa na jeraha hata moja. Walimkimbiza hospitali ya mjini, na daktari akasema amevuta hewa ya petroli mpaka pumzi ikamwisha, na kwamba huenda hakusikia chochote ila usingizi.

Wakamzika alasiri ile ile. Fumo aliingia kaburini kumpokea binti yake, na wanaume wawili wakahitajika kumtoa.

Kwenye matanga, watu wanapozoea kilio na kuanza kutafuta wa kulaumiwa, maneno yakatoka: Faris alisahau kufunga koki. Nani aliyeanza hajulikani, ila uani kwa wanawake yalishapikwa na wali. Faris hakuyajibu. Alikaa mwisho wa mkeka wa wanaume, ndevu zimemwota ovyo, na akiulizwa husema, "Ni mimi." Basi.

Siku moja ya matanga hayo, mzee mmoja akamuuliza Abdirahman imekuwaje mtu afe kwa harufu. Abdirahman akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Walaal, ndugu yangu, hewa ya petroli si kama moshi. Moshi unapanda. Hii ni nzito, inashuka, inatambaa sakafuni kama maji. Aliyesimama anapona, aliyelala chini anazama ndani yake. Ndiyo maana Faris alitoboa yale matundu chini, ili imwagike nje. Sijui siku hii ilikuwaje."

Tasbihi ya Fumo ilisimama. Aliyekaa karibu naye alidhani amesinzia.

Siku ile ile alikwenda uani kwa Faris, ambako trela lilikuwa limerudishwa. Hakukuwa na mtu. Akaingia kwa magoti, akapapasa pembeni mwa sakafu akitafuta pamba yake, na mkono ukapita ukatokeza nje. Matundu yote manne yalikuwa wazi. Vipande vya mbao havikuwapo, pamba haikuwapo, mafuta yamesuguliwa na kufutwa, wavu umerudishwa mahali pake. Mtu alikuwa amekaa pale kwa subira akiondoa kila dalili kwamba Fumo alipata kulikaribia trela lile. Fumo alijua ni nani. Kwa hesabu yake, mkwewe alikuwa ameyakuta matundu yamezibwa, baada ya msiba, na ameamua kumfichia.

Akakaa sakafuni pale alipolala binti yake, na akalia kwa sauti ya mnyama.

Sasa nitasema nililonalo moyoni. Kuziba matundu ni kosa la mtu asiyejua, na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Ila Fumo alitoka trelani akijua, akarudi nyumbani, na akanyamaza. Hapo ndipo ninapomlaumu, na namlaumu huku moyo unaniuma. Alijaribu. Arafa alikuwa amekaa na nguo za Rukia mapajani, akizikunja na kuzikunjua, akisema, "Kamuua mwanangu kwa uzembe. Koki tu, baba Rukia! Koki ya kufungwa kwa vidole viwili!" Fumo akasema, "Mama Rukia." Arafa akasema, "Nini?" Fumo akasema, "Nipe maji." Akaletewa maji, akayanywa.

Ikawa hivyo kila siku. Kila akitaka kusema, Fumo humtazama Arafa, kisha hulimeza neno. Ameshampoteza binti, akampoteze na mke? Na Arafa angeweza kukaa vipi chumba kimoja na mikono ile? Karakanani alishika nyundo, mkono ukakataa. Akaitia chembeu kwenye sanduku na sanduku akalisukuma mpaka ukutani kabisa.

Pengine angenyamaza mpaka kufa kwake, isingalikuwa habari ya Nadia. Mtoto kulelewa na bibi mzaa mama ni haki yake, na hilo Faris hakulibisha, alimleta mwenyewe na kinguo chake. Alikuwa akija kila alasiri kumwona. Arafa hakumkaribisha wala hakumfukuza, alimwacha akae kizingitini. Lakini kaka yake Arafa, Mohdhar, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikata shauri kwamba hiyo haitoshi. Mtoto asafirishwe Mombasa kwa dada yao, akakulie huko, na babake asimwone tena. Mtu aliyemuua mama kwa uzembe, alisema Mohdhar, hataachiwa na mwana amuue. Arafa akakubali. Safari ikapangwa, na Faris akaitwa kuja kuambiwa.

Walikaa ukumbini baada ya alasiri. Mohdhar kwenye kiti, wazee wawili wa ukoo kwenye jamvi, Arafa nyuma ya pazia la chumbani na Nadia, Fumo ukutani. Faris aliingia, akaamkia wote, akaketi karibu na viatu.

Mohdhar hakuzunguka. Alimsomea shauri lile kama lilivyo, kisha akauliza, "Una la kujitetea?"

Faris akatikisa kichwa. "Koki niliisahau mimi, ami. Sina la kusema. Ila nawaomba..." Akalitazama pazia. "Nawaomba nimwone mara moja kwa mwaka, hata kwa mbali. Asinisahau sura."

Nyuma ya pazia Nadia aliisikia sauti ya babake na akaanza kumwita. Arafa akamnyamazisha. Mtoto akaita tena.

Fumo alisimama. Alishika ukuta, akasimama.

"Hakusahau koki," alisema. "Mwana huyu awongopa. Awongopa kwa ajili yangu."

"Baba, keti," Faris alisema haraka. "Baba, tafadhali."

"Trela lile lina matundu manne sakafuni, ya kutolea hewa ya petroli. Niliyaziba mimi, kwa mkono wangu huu. Rukia alinambia mumewe ayataka wazi, na mimi nikamcheka. Nikamwambia harufu hutokea juu." Aliligeukia pazia. "Ningaliyaacha, mwanangu yuko hai. Aliyemuua ni mimi, Mama Rukia. Si huyu. Huyu akaenda kuyazibua baada ya maziko, mchu asijue."

Pazia halikutikisika. Mzee mmoja akasema Lahaula, na mwingine akamnyamazisha.

Fumo alimgeukia mkwewe. "Ulipoyakuta yamezibwa ungalisema. Ningalistahili."

Faris alikuwa ameinamisha kichwa kama siku ile trelani.

"Sikuyakuta baada ya maziko, baba," akasema. "Niliyaona siku ile ile niliporudi kutoka bandarini. Ulikuwa umesimama pale."

"Ukasema kazi safi."

"Nilisema kazi safi. Ulipoondoka nikachukua patasi niyazibue. Rukia akanishika mkono. Akasema, 'Tafadhali, Faris, si hapa. Kesho atakuja kutuaga, atayaona wazi, na sijamwona baba yangu akicheka hivi tangu tutoke Chovai.' Akasema tutayazibua tukifika Gobweni, na tukirudi tutayaziba tena kabla ya kuingia mjini, na itakuwa hivyo kila safari, wewe usijue. Alicheka akilisema. Nikakubali. Nikaona ni jambo dogo."

Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Na petroli sikuikamua yote, niliacha kidogo ili mnunuzi aisikie injini. Njiani mkanda ukakatika, pikipiki moja ikalala ikawa yavuja mfunikoni, mimi siyui. Tulipofika Gobweni Rukia akanikumbusha yale matundu. Nikamwambia ninywe kahawa kwanza, huyu mnunuzi asije akaondoka. Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Kwa hiyo niliposema ni mimi, sikuwa nawongopa sana."

Kisha pazia likafunguka, na Arafa akatoka amembeba Nadia. Uso wake ulikuwa umelowa mpaka shingoni. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akapita mbele ya kaka yake, akainama na kumweka mtoto mapajani mwa Faris, na Nadia akamkumbatia babake shingoni kwa mikono miwili. "Haendi Mombasa," Arafa alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. Akarudi chumbani.

Fumo alikuwa bado amesimama, ameshika ukuta. Akateremka polepole mpaka akakaa chini, na Faris akataka kuinuka kumsaidia, lakini alikuwa na mtoto shingoni.

"Mungenambia," Fumo alisema. "Mungenambia tu, wanangu. Ningekasirika mpaka magharibi, basi."